Walinzi wa Mwili na Adui Aliyefungwa

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya vita vinavyopiganwa ndani ya miili yetu bila ngoma wala baragumu, na hasa habari ya adui mmoja mkali, ndiye kifua kikuu. Ugonjwa huu waua watu hata leo, wala si kwa kukosa dawa tu, bali pia kwa sababu wengi hawajui jinsi mwili unavyopigana nao, na jinsi sisi wenyewe tuwezavyo kuwasaidia walinzi wetu au kuwaangusha.

Natuanze na jambo dogo ambalo kila mtu amelipata. Mtu apalilia migomba na kahawa huko Nkoaranga, mwiba wamchoma mguuni, naye haujali. Kesho yake pamevimba, pana joto, tena panauma. Siku ya tatu pametunga usaha, na kinenani umetokea uvimbe mgumu tuuitao mtoki. Usiku homa yampanda. Watu husema, "Ugonjwa umemshika." Ni kweli, walakini mengi katika hayo si kazi ya ugonjwa. Ni kazi ya walinzi.

Mwiba ulipoingia uliingiza bakteria, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mara chembe nyeupe za damu hupenya katika kuta za mishipa midogo, hufika penye jeraha, na kuwameza bakteria hao wazima wazima. Uvimbe na joto ni alama ya kuwa njia zimefunguliwa ili walinzi wapite. Usaha ni mizoga ya vita, ya walinzi pamoja na maadui. Mtoki ni kambi ambamo walinzi wengine huonyeshwa sura ya adui, wakajifunza kumtambua, wakaongezeka kwa wingi. Na homa huwashwa na mwili wenyewe, maana joto huwazuia bakteria wengi wasizaliane upesi.

Jambo hili la walinzi kumeza maadui lilitambuliwa na mtaalamu Élie Metchnikoff katika mwaka wa 1882, alipokuwa Messina katika nchi ya Italia. Alichukua watoto wa kiti cha pwani, mnyama wa baharini, ambao miili yao hupenya nuru kama kioo, akawachoma miiba. Asubuhi yake akaona chembe zimeuzunguka mwiba pande zote. Mwaka ule ule wa 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin ya kuwa amemwona bakteria aletaye kifua kikuu. Hivyo mlinzi na adui walijulikana katika mwaka mmoja.

Sasa mtu atauliza, "Ikiwa walinzi wetu ni hodari hivyo, mbona kifua kikuu huwashinda?" Ni swali jema. Bakteria wa kifua kikuu haingii kwa mwiba, huingia kwa pumzi. Mgonjwa akohoapo, hutupa hewani matone madogo mno, nayo huelea katika chumba kisicho na madirisha. Mwenziwe akiyavuta, hufika ndani kabisa ya mapafu. Mlinzi humkuta bakteria huyo, humeza kama ilivyo desturi yake. Lakini huyu amevaa ngozi nene ya mafuta na nta, wala hayeyuki upesi. Aweza kukaa ndani ya tumbo la mlinzi aliyemmeza, akala na kuzaana humo humo.

Mwili ukiona hivyo, hubadili shauri. Walinzi wengi huja, wakashikamana bega kwa bega kulizunguka lile kundi la bakteria, kama watu waliomzungushia fisi boma la miiba. Fisi hafi, lakini hatoki. Mtu wa namna hii hakohoi, haambukizi mtu, hulima na kuchunga kama kawaida. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakadiria kwamba yapata robo ya watu wote wa dunia wamepata kuambukizwa bakteria hawa. Na katika kila watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Hao wengine wamelindwa na boma lao.

Kwa hiyo jambo kubwa la kuuliza si hili tu, "Adui ameingia?" bali pia, "Ni nini kivunjacho boma?"

Kwanza ni virusi vya UKIMWI, ambavyo huwaua wale walinzi wakuu wanaotoa amri kwa wenzao. Amri zikikoma, boma huoza. Pili ni njaa ya muda mrefu, ugonjwa wa kisukari, ulevi na tumbaku. Tatu ni jambo litugusalo sana sisi wa pande hizi, nalo ni vumbi la mawe.

Mwajua ya kuwa tangu tanzanaiti ilipogunduliwa mwaka wa 1967, vijana wengi wameshuka kutoka miteremko ya Meru kwenda mashimo ya Mererani, na vito hivyo huuzwa katika mji wetu wa Arusha. Mwamba utobolewapo mkavu, hutoa vumbi lenye silika. Walinzi wa mapafu hulimeza vumbi wakidhani ni adui wa kawaida. Lakini silika humwua mlinzi. Naye akipasuka, vumbi hutoka, likamezwa na mlinzi wa pili, naye akafa. Na hivi hivi. Mapafu hujaa makovu, na bakteria wa kifua kikuu hukuta mlango hauna mlinzi. Hatari hiyo haiishi siku kijana aachapo kuchimba. Humfuata nyumbani miaka mingi. Basi mwenye mgodi na alowanishe mwamba kwa maji kabla ya kutoboa, na mchimbaji akapimwe kifua hata kama hajaugua.

Boma likivunjika, dalili ni hizi: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na pengine kohozi lenye damu. Mwenye dalili hizo na asingoje, wala asidhani amerogwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na aende zahanati; hata kama watamtuma hospitali ya Mount Meru au kwingineko, katika nchi yetu vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Zamani hali haikuwa hivi. Hospitali ya Kibong'oto, iliyo upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka wa 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Siku zile hapakuwa na dawa popote duniani ya kuwaua bakteria hawa. Wagonjwa wa namna hii walipewa hewa safi, mapumziko na chakula chema, maana yake waliachiwa walinzi wao wapigane peke yao. Wengine walipona, na wengi wakafa. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka wa 1943.

Leo tiba ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi hukoma, mwili hunenepa, na mtu husema, "Nimepona, naacha dawa." Ndugu yangu, hujapona. Waliokufa ni wale bakteria wepesi. Wagumu wamelala kama moto uliofunikwa majivu, nao wakiamka huenda dawa zile zisiwaweze tena. Maliza miezi yako yote.

Nanyi mlio nyumbani, msimtenge mgonjwa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Fungueni madirisha, na mgonjwa azibe kinywa akohoapo. Naye akishika dawa zake, kwa kawaida haambukizi tena baada ya wiki chache. Chemsheni maziwa, maana ng'ombe nao wana kifua kikuu chao kiwezacho kumpata mtu. Na mtoto azaliwapo, apelekwe apigwe chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka wa 1921. Chanjo hiyo huwaonyesha walinzi wa mtoto sura ya adui aliyedhoofishwa, nayo humkinga na kifua kikuu kikali cha ubongo na cha mwili mzima. Haimkingi mtu mzima vivyo hivyo, kwa hiyo mwenye alama ya chanjo mkononi asijione salama akapuuza kikohozi.

Wasikilizaji, walinzi wetu hawalali. Hawaombi mshahara ila chakula, hewa safi, na dawa iliyomalizwa. Tusiwanyime.

Kwaherini.