Vyuo Vilivyojengwa kwa Harambee: Safari ya Mafunzo ya Ufundi Thika na Ruiru

Maandishi ya mhadhara kwa wakazi



Mada ya leo ni vyuo vya jamii: vilitoka wapi, vimekuaje, na ni nani mwenye jukumu la kuvitunza sasa. Swali hili hurudi kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Watahiniwa walio wengi hukosa alama ya C+ inayofungua mlango wa shahada. Nyumba nyingi za Makongeni, Kiandutu, Githurai na Mwihoko hukaa kimya siku hiyo, kana kwamba kuna msiba. Mzazi huuliza, "Sasa huyu mtoto ataenda wapi?" Swali hilo lina umri wa karibu miaka 60 katika nchi hii, na majibu yaliyotolewa zamani yanaweza kuwafaa wazazi wa leo.

Mwanzo wake

Mafunzo rasmi ya ufundi yalianza wakati wa ukoloni. Mwaka wa 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha kuwafunza Waafrika kazi za mikono huko Kabete. Mwaka uliofuata, hapo hapo Kabete, ikafunguliwa Jeanes School, iliyowaandaa walimu wa kwenda vijijini kufundisha usafi, kilimo na malezi bora pamoja na kusoma na kuandika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Thika nayo ikapata shule yake ya ufundi. Ndiyo chimbuko la chuo ambacho wengi hapa wanakiita Thika Technical.

Kulikuwa na sababu ya kuichagua Thika. Reli ilikuwa imefika tangu 1913, maji ya mito ya Thika na Chania yalikuwa karibu, na viwanda vilikuwa vimeanza kusimama. Kiwanda kinahitaji mtu wa kufunga mota, kunoa vyuma na kurekebisha bomba la mvuke. Lakini mafunzo ya enzi hiyo yalikuwa na mipaka yake. Mwafrika alifunzwa ili awe msaidizi wa kazi, na mara chache awe msimamizi. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mtazamo kwamba ufundi ni elimu ya daraja la chini. Wazee waliupinga mtazamo huo kwa kuwapeleka watoto wao kwenye masomo ya kalamu, na hawakukosea kwa wakati ule. Tatizo ni kwamba hali ilibadilika, na mtazamo ukabaki.

"Baada ya shule, je?"

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, shule za msingi ziliongezeka haraka. Nafasi za sekondari na za kazi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka wa 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilishiriki kutoa ripoti iliyouliza wazi kinachofuata kwa kijana anayemaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya kuendelea. Jibu lake lilikuwa chuo anuwai cha kijiji.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Kijiji kinachagua kamati. Kamati inatafuta kiwanja, jengo la mabati na fundi mmoja au wawili wanaojua kazi. Mafunzo yanafuata mahitaji ya mahali hapo: uashi palipo na ujenzi, ushonaji palipo na soko la nguo, useremala palipo na mbao. Karo inakuwa ndogo, na kazi za wanafunzi huuzwa ili kununua vifaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imeanza kuvisaidia vituo hivyo, na vikasambaa nchini.

Waanzilishi hawakuweka cheti mbele. Walitaka kijana atoke akiwa na ujuzi wa kumlisha pale pale kijijini. Wazazi na wanafunzi walikuwa na maoni mengine. Kijana anayetoka kwenda kutafuta kazi kiwandani Thika huulizwa karatasi langoni. Kwa hiyo vituo viliingiza mitihani ya ufundi ya serikali, na kadiri miaka ilivyopita vikafanana zaidi na shule. Hata jina lilibadilika: kutoka chuo anuwai cha kijiji, kikawa chuo anuwai cha vijana, na leo ni kituo cha mafunzo ya ufundi, au VTC kama kinavyojulikana na wengi.

Wakati huo huo, mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo iliwafanya wataalamu wa ulimwengu wawatazame upya mafundi wa jua kali, ambao hadi hapo walihesabiwa kama watu wasio na kazi. Mchomeleaji aliye kando ya barabara Ruiru alikuwa ameajiri vijana wawili na kulisha familia tatu, ingawa hakuna daftari la serikali lililomwandika.

Harambee ya vyuo

Miaka hiyo hiyo ya 1970 ilileta wimbi la pili. Jamii ambazo zilikuwa zimejenga shule za sekondari kwa harambee sasa zilitaka vyuo vya teknolojia. Wananchi wakachanga, wakiwemo wakulima wa kahawa. Nyeri wakajenga Chuo cha Kimathi, Murang'a wakajenga chao, na Kiambu ikapata Kiambu Institute of Science and Technology, ile KIST.  Hapa, mwananchi aliyetoa shilingi chache au gunia la mahindi alikuwa na haki ya kusema, "Kile chuo ni chetu."

Katika Juja, kati ya Thika na Ruiru, Mzee Jomo Kenyatta alitoa ardhi ya hekta 200 mwaka wa 1977. Kwa msaada wa serikali ya Japani kikajengwa chuo cha kilimo na teknolojia, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1981. Kilikuwa chuo cha kiwango cha kati, kikifundisha stashahada za kilimo na uhandisi.

Kenya haikuwa peke yake katika safari hii. Huko Marekani, Joliet Junior College, karibu na Chicago, ilianzishwa mwaka wa 1901 ili vijana wa mji huo wasome miaka miwili ya kwanza wakilala kwao. Mwaka wa 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo kama hivyo vienezwe kote, na jina la "vyuo vya jamii" likashika. Majirani wetu wa Tanzania walianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka wa 1975 kwa msaada wa Sweden, ambako watu wazima walijifunza ufundi, kilimo na uraia pamoja. Mahali pote hapo fikra ni moja: chuo kiwe karibu na nyumba, karo iwe nafuu, na mlango uwe wazi kwa yule ambaye mtihani mmoja ulimwangusha.

Ngazi iliyopoteza vidato vya chini

Sasa tazameni yaliyofuata. Chuo cha Juja kilipandishwa hadi kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994, ndicho JKUAT. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilianza safari hiyo mwaka wa 2007, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Kimathi ikawa chuo kikuu mwaka wa 2012, na Murang'a mwaka wa 2016. Hapa Thika, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoanza kama taasisi ndogo ya mafunzo, kilipata hati yake mwaka wa 2011.

Hakuna anayeweza kulaumu maendeleo hayo. Vyuo vikuu vimeleta wanafunzi, nyumba za kupangisha, biashara na heshima. Lakini ngazi ikiongezwa vidato juu huku vya chini vikiachwa vioze, anayeanzia chini hatapanda. Chuo kilichowafunza mafundi kikigeuka kufundisha shahada, mtu wa kufunga umeme katika nyumba atatoka wapi? Ndiyo maana mjengo wa ghorofa hapa Ruiru unaweza kuwa na mhandisi mmoja wa kutia sahihi, na mwenye nyumba akatafuta fundi wa vigae kwa wiki mbili.

Mahitaji yanaonekana kwa macho. Kwa sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120 na mji wa Thika 251,407. Barabara kuu ya Thika iliyokamilika mwaka wa 2012 ilifungua mashamba ya kahawa kuwa mitaa ya nyumba. Kila nyumba mpya ina bomba, nyaya, milango na paa. Viwanda vya vyuma, vyakula, mafuta na nguo bado vinahitaji watu wa mitambo.

Nani anasimamia nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, VTC ni jukumu la kaunti: majengo, vifaa na wakufunzi wake. Vyuo vya kitaifa vya ufundi, kama Thika Technical, viko chini ya serikali ya kitaifa. Wengi hupeleka malalamiko kwenye ofisi isiyohusika, kisha hurudi nyumbani wakiamini kwamba wamepuuzwa.

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 iliunda mamlaka ya TVETA, inayosajili vyuo vyote vya ufundi, vya umma na vya kibinafsi. Kabla ya mzazi kulipa hata shilingi moja, aulize chuo kionyeshe cheti cha usajili, na ahakikishe kozi yenyewe imeidhinishwa. Ghorofa yenye bango kubwa kando ya barabara kuu si lazima iwe chuo.

Kuhusu viwango: stashahada huhitaji C- ya KCSE, cheti cha ufundi huhitaji D, na ngazi ya fundi stadi haimfungii mlango aliyepata chini ya hapo. VTC humpokea hata aliyeacha shule. Anayeanza chini anaweza kupanda ngazi kwa ngazi akitaka.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa jua kali hawalijui. Mtu aliyejifunza kazi karakanani bila kuingia darasani anaweza kufanya mtihani wa gredi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Anaanza na gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Mchomeleaji mwenye uzoefu wa miaka 15 anaweza kupata karatasi ya kumwingiza kwenye lango la kiwanda au kwenye zabuni, kwa kuonyesha kazi ya mikono yake.

Wakazi wafanye nini

Zamani kamati ya kijiji ilijua idadi ya misumeno iliyo chuoni, kwa sababu ndiyo iliyoinunua. Tangu serikali ichukue mzigo, watu wengi wamekaa kando. Chuo ambacho jamii haikitembelei huanza kuzeeka bila mtu kupiga kelele: cherehani zinaharibika, mashine ya kuchomelea inafunikwa na turubai, mkufunzi anastaafu na nafasi yake inabaki wazi.

Harambee ya leo ina kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mwongozo wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Bajeti huanza kutumika Julai 1. Katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya ushirikishaji wa umma. Mkazi wa Gatuanyaga, Ngoliba, Kamenu, Gitothua au Kiuu anayetaka karakana ya chuo chake ipate vifaa, aende kwenye kikao hicho na ombi lililoandikwa, lenye jina la chuo, kifaa kinachokosekana na idadi ya wanafunzi wanaokihitaji. Ombi la maandishi huingia kwenye ripoti. Manung'uniko ya dukani hayaingii.

Wenye viwanda na karakana nao wana sehemu yao. Mwanafunzi wa ufundi asiyepata nafasi ya mazoezi kazini huhitimu akiwa hajawahi kushika mashine iliyo hai. Kila karakana ikipokea kijana mmoja kwa muhula mmoja, pengo hilo litapungua bila kusubiri bajeti ya mtu.

Na mzazi mwenye mtoto aliyepata D+ ana jambo moja la kufanya wiki hii: amchukue waende pamoja kwenye chuo kilicho karibu, waingie karakanani, wazungumze na mkufunzi na wanafunzi, waulize karo, mitihani na waliohitimu wako wapi sasa. Kijana achague kazi kwa kuiona ikifanywa. Akilazimishwa useremala huku moyo wake uko kwenye umeme, ataacha kabla ya mwaka kuisha, na lawama itakiangukia chuo.

Mwenye kutaka kujua VTC iliyo karibu naye anaweza kuuliza katika ofisi ya wodi au ofisi ya kaunti ndogo, Thika au Ruiru. Aende na cheti cha kuzaliwa cha kijana na matokeo ya shule aliyonayo, hata yakiwa ya darasa la nane.