Chumba Kipo, Mtu wa Nusu Kaputi Hayupo

(Mada iliyotolewa na wauguzi wa usingizi wazaliwa wa nyumbani, mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)

Katibu alituomba tuieleze kazi yetu kwa dakika 15. Sisi ni watatu, wote tumezaliwa kule juu milimani Upare, wote ni wauguzi, na kazi yetu ni ile ambayo nyumbani inaitwa nusu kaputi. Kazini tunaitwa wauguzi wa usingizi.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja humu analijua. Kituo chetu cha afya kina chumba cha upasuaji. Mawe mlibeba, mchanga mlichangia, halmashauri ikamalizia, kitanda kikaja, taa ikaja. Daktari wa kumfanyia mama upasuaji wa uzazi yupo. Asiyekuwepo ni mtu wa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi na kumlinda mpaka aamke. Kwa hiyo mama akikwama katika uchungu usiku, anapakiwa kwenye gari, anapitishwa mbele ya mlango wa chumba hicho kilichofungwa, anashushwa mlima hadi Same, na akizidiwa anaendelea hadi Moshi, kilomita 100 na ushee kutoka Same. Wakati wa masika ile njia mnaijua. Mwaka jana mama mmoja wa kwetu alirudi salama. Mtoto hakurudi. Hatutaji jina, maana jamaa zake wamo humu ukumbini, lakini hatuwezi kusimama hapa tukaisifu kazi hii kana kwamba hilo halikutokea.

Watu wengi wanadhani kazi yetu ni kuchoma sindano, mgonjwa akilala tunakwenda kunywa chai. Sindano ni dakika moja. Kazi ni zile dakika 60 au 90 zinazofuata. Tunakaa kichwani pa mgonjwa tangu anapolala hadi anapojua jina lake tena. Tunatazama kifua kinavyopanda, tunapima presha, tunasikiliza kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha oksijeni iliyo katika damu. Kipimo kile kina mlio, na oksijeni ikishuka mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Aliyeizoea kazi anageuka kabla hajatazama namba.

Kwa mama wa upasuaji wa uzazi mara nyingi tunatumia ganzi ya mgongo. Anakaa, anajikunja, tunapitisha sindano nyembamba katikati ya mifupa ya kiuno, miguu inapata joto kisha inakuwa mizito kama si yake. Anabaki macho, na mtoto akilia anamsikia. Hatari yake ni kwamba presha inaweza kuporomoka ghafla, ndiyo maana maji ya mshipani na dawa ya kupandisha presha huwa tayari kabla ya sindano. Tunajua maneno ya kisimani, kwamba ukidungwa mgongo utaumwa mgongo maisha yako yote. Kichwa kinaweza kuuma siku chache, hilo ni kweli, na kuna tiba yake. Maumivu ya mgongo huwapata hata wanaojifungua bila kudungwa, maana ujauzito wenyewe ni mzigo.

Pale ambapo umeme unakatika na mashine ni chache, tunayo ketamini. Ilitengenezwa mwaka 1962, na mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kipimo kinachofaa, mgonjwa anaendelea kuvuta pumzi mwenyewe, na presha kwa kawaida haishuki. Hata hivyo wengine huamka wakizungumza na watu wasiokuwepo, kwa hiyo ndugu wakisikia hayo wasikimbilie kwa mganga. Inapita.

Hapa tuwaombe kina bibi jambo moja, na tunaomba kwa heshima zote. Tukisema mgonjwa asile saa 6 kabla ya upasuaji, si kwamba tunabana chakula cha hospitali. Mtu akilala kwa dawa, koo lake linasahau kazi ya kujilinda. Uji uliomo tumboni unaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo tunampoteza mtu aliyekuja na tatizo dogo tu. Sasa bibi anamhurumia mjukuu, anamnywesha uji kwa siri nyuma ya pazia, nasi tukiuliza anasema hajala tangu jana. Akila, tuambieni. Tutaahirisha, au tutabadilisha njia. Na kama amekunywa dawa za miti shamba, au ni mtu wa pombe, tuambieni pia. Hatuna nia ya kumwaibisha mtu, ila kipimo cha dawa kinategemea ukweli huo.

Wapo wanaouliza kwa nini kazi nzito hivi apewe muuguzi, si daktari. Madaktari bingwa wa usingizi wapo nchini, nao ndio walimu wetu, lakini ni wachache na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Huko wilayani, sehemu kubwa ya usingizi unatolewa na wauguzi. Wala si jambo la nchi maskini pekee. Baada ya William Morton kuonyesha etha hadharani kule Boston mwaka 1846, madaktari wengi walitaka kushika kisu, si chupa ya etha, na kazi ikaangukia wauguzi. Alice Magaw, muuguzi wa Mayo Clinic, Marekani, alitoa taarifa mwaka 1906 ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila hata mmoja kufa kwa sababu ya dawa ya usingizi. Alikuwa na etha, kitambaa, na macho yasiyochoka.

Kijana anayetaka njia hii aanze na masomo ya sayansi sekondari, hasa baiolojia na kemia, na fizikia asiidharau, maana mitungi ya gesi ni fizikia tupu. Kisha stashahada ya uuguzi na ukunga, miaka 3, halafu leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Afanye kazi wodini kwanza. Baada ya hapo ndipo anaomba mafunzo ya usingizi. Yapo KCMC pale Moshi, yapo na kwingine, na Muhimbili wanatoa hadi shahada. Ipo kozi ya mwaka 1. Kwa ndugu zetu walioko Marekani waliotuuliza kama cheti cha huku kinatumika huko, jibu ni hapana. Huko sasa wanaoingia katika kazi hii wanasoma hadi shahada ya uzamivu, na lazima kwanza wawe wauguzi wenye leseni ya huko waliofanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi.

Hatuwafichi ugumu. Simu inalia saa 8 za usiku, na huwezi kusema utakuja kesho. Kuna siku unafanya kila kitu sawasawa na mgonjwa anakufa, nawe unatakiwa kuwa kazini asubuhi. Mwenye hasira za karibu au anayependa njia za mkato asije. Tunamtaka yule anayehesabu chenji mara mbili.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mwaka huu. Kamati ilikuwa na mapendekezo mawili, kununua mashine mpya ya usingizi au kusomesha watu. Wapo wanaopenda mashine kwa sababu inapigwa picha na kuzinduliwa. Sisi tumesema wazi kwamba mashine bila mtu ni samani. Tunaomba michango isomeshe wauguzi wawili ambao tayari wameajiriwa pale kituoni, kwa ruhusa ya mkurugenzi wa halmashauri. Hao mshahara wanao, uzoefu wanao, na wanaweza kuwa wamerudi baada ya mwaka 1. Tukianza na kijana wa kidato cha nne tutasubiri miaka mingi, ingawa hao nao tuwasaidie kwa mfuko wa ada uliopo.

Tunasema wawili kwa sababu. Mmoja peke yake ataitwa kila usiku, Jumapili na Idi, hataugua, hatazika mzazi wake. Tumeona wenzetu wakiachwa hivyo sehemu nyingine. Baada ya miezi wanaomba uhamisho, na chumba kinafungwa tena. Wakiwa wawili wanapokezana. Ile nyumba ya mtumishi iliyokwama kwenye lenta tunaomba iezekwe kabla hawajarudi, kwa kuwa anayeitwa usiku hawezi kupanga chumba ng'ambo ya korongo. Tunapendekeza mkataba wa kutumikia nyumbani miaka 3. Baadhi yenu mlitaka 10. Miaka 10 itawatisha wote wawili, tutabaki na karatasi.

Mitungi ya ziada ya oksijeni na jenereta ndogo vimo kwenye mchanganuo wa mweka hazina, ukurasa unaofuata. Tumevikagua wenyewe na kukata vitu viwili tulivyoona ni mapambo.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Sisi tutakuwa meza ya karibu na mlango mpaka chakula kiishe. Vijana njooni na maswali, na mwenye matokeo yake ya sayansi kwenye simu atuonyeshe, hata kama hayampendezi.