Historia Isifichwe Katika Maktaba za Umma

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo juu ya vitabu vya historia na maktaba za umma, yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali wa Makole, mjini Dodoma.



Taifa lililopata kutawaliwa na wageni linaijua thamani ya historia kuliko mataifa mengine, kwa sababu lilipata kunyang'anywa. Mkoloni hakutosheka kuitawala ardhi na nguvu za watu. Alitaka kutawala na kumbukumbu zao pia. Watoto walifundishwa safari za Livingstone na Stanley kana kwamba kabla yao nchi hii ilikuwa pori tupu lisilokuwa na wenyewe. Wakati huo huo, vitabu vilivyoueleza ukoloni kwa jina lake halisi, kama kile cha George Padmore juu ya dola ya Uingereza katika Afrika, kilichotolewa mwaka 1949, vilipigwa marufuku katika baadhi ya makoloni.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba nchi ilipokwisha kujitawala iliharakisha kujenga maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Siku hiyo ni sikukuu ya Uhuru, na maana yake ilikuwa dhahiri: kusoma ni sehemu ya kujitawala. Swali linalofaa kuulizwa leo ni hili: je, rafu za maktaba hizo zina haki ya kubeba historia yote ya nchi, au ile sehemu tu isiyomuudhi mkubwa?

Mkoloni na Majalada Yake

Mfano wa kwanza wautoa mkoloni mwenyewe. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya za makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake. Majalada mengi yalichomwa moto. Maelekezo yalieleza hata namna ya kuyazamisha baharini, ndani ya masanduku mazito, mbali na pwani. Yaliyosalia yalisafirishwa kwa siri hadi Uingereza na kufungiwa.

Siri hiyo ilidumu karibu miaka hamsini. Wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za wakati wa Mau Mau walipofungua kesi mjini London mwaka 2009, wanahistoria walisisitiza kwamba majalada yapo, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri. Kule Hanslope Park yalikutwa majalada yapatayo 8,800 yaliyotoka katika makoloni 37, Tanganyika ikiwemo. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228. Hapo ndipo funzo lilipo. Karatasi hazifichwi kwa kuwa hazina maana. Hufichwa kwa kuwa ni ushahidi. Na anayeumia kwa kufichwa kwake si mtafiti peke yake, bali ni mzee aliyeteswa, ambaye huambiwa hadi kufa kwake kwamba hayo hayakutokea.

Lakini si vema kumlaumu mkoloni peke yake. Kenya ilikwisha kujitawala kwa karibu miaka ishirini pale mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya habari na nyimbo za Mau Mau, alipokamatwa mwaka 1982 na kufungwa miaka sita. Amri ya mkoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau yenyewe haikufutwa mpaka mwaka 2003. Kwa miaka arobaini watu walioimba sifa za wapigania uhuru waliishi chini ya sheria iliyowaita wapiganaji hao wahalifu.

Kongwa na Vitabu vya Wakimbizi

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Makole. Chini ya utawala wa makaburu, Sheria ya Machapisho ya Afrika Kusini ya mwaka 1974 iliendeleza kazi ya kuchuja vitabu iliyokuwa imeanza zamani. Majina ya vitabu vilivyokatazwa yalitangazwa, orodha ikapelekwa katika maktaba za umma, na wakutubi wakatakiwa kuviondoa. Ilikuwa mwiko hata kuyanukuu maneno ya mtu aliyewekewa vikwazo. Hivyo vijana wa taifa zima walikua bila kuruhusiwa kusoma walichokisema viongozi wao wenyewe.

Vijana hao walisomea wapi basi? Wengi walikimbilia katika ardhi ya Tanzania. Kongwa, katika mkoa huu huu wa Dodoma, mahali ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulianzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, palikuwa kambi ya wapigania uhuru wa ANC, FRELIMO, SWAPO na vyama vinginevyo tangu mwaka 1964. Huko Mazimbu, Morogoro, ANC ilianzisha Chuo cha Solomon Mahlangu mwaka 1978, na wanafunzi wake wakafundishwa historia ya kwao ambayo ilikuwa haifundishwi kwao.

Tabia hiyo ya kufungua milango haikuishia kwa wakimbizi. Walter Rodney, ambaye serikali ya Jamaica ilimkataza kurejea nchini humo mwaka 1968, alipata nafasi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972, na mmoja wa wachapishaji wake alikuwa Tanzania Publishing House. Nchi iliyofanya hayo ilijiamini. Haikuogopa karatasi.

Udhibiti Usio na Mhuri

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba kitabu hakihitaji kupigwa marufuku ndipo kisifike kwa msomaji. Pana njia ya kimya: kutokiandika, kutokinunua, kutokiagiza, au kukiweka katika kabati ambalo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani. Njia hiyo haina sheria wala tangazo, na kwa sababu hiyo haina wa kuulizwa.

Mfano ni historia ya TANU yenyewe. Chuo cha Kivukoni kilitoa mwaka 1981 kitabu cha historia ya chama hicho tangu 1954 hadi 1977. Kilikuwa kazi ya lazima, na walimu wengi walikitegemea. Lakini historia iliyoandikwa na chama juu ya chama haiwezi kutosheleza peke yake. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika harakati za uhuru, alihukumiwa kifungo katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, akaachiwa mwaka 1972. Na kwa miaka mingi jina lake likafifia katika masimulizi ya kupigania uhuru. Leo barabara kuu ya Dar es Salaam ina jina lake, lakini simulizi ya wanawake wa TANU ilikuja kuandikwa kwa kirefu na mgeni, Susan Geiger, mwaka 1997, kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Mohamed Said alichapisha London kitabu juu ya Abdulwahid Sykes, akilalamika kwamba wazee wa mjini Dar es Salaam walioanza kazi hiyo walisahauliwa. Msomaji anaweza kukubaliana naye au kumpinga. Hawezi kufanya lolote kati ya hayo kama hajakiona kitabu.

Mambo ya Muungano na Mapinduzi ya Zanzibar yanaonyesha jambo hilo hilo. John Okello alieleza Mapinduzi ya 1964 katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka 1967, naye akajiweka mbele; maelezo rasmi ya Afro-Shirazi ya mwaka 1974 yaliwaweka mbele chama na viongozi wake. Omar Mapuri aliandika mwaka 1996 kuyatetea, na Harith Ghassany akaandika mwaka 2010 kwa mtazamo mwingine kabisa. Hapa hapa Dodoma, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa cha Januari 1984, Aboud Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake. Maelezo yake juu ya Muungano yalimfikia msomaji mwaka 1994, miaka kumi baadaye. Hata Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipotaka kuwakosoa viongozi wa serikali na wa Chama kuhusu suala la Muungano, kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kilichapishwa Harare, Zimbabwe.

Mtumishi aliyesoma kimoja tu kati ya vitabu hivi ana nusu ya habari, na nusu ya habari ni hatari kuliko ujinga, kwa maana mjinga hujua kwamba hajui. Aliyevisoma vyote atagundua kwamba mashahidi hawakubaliani, naye atalazimika kupima. Kupima huko ndiko kunakoitwa elimu ya historia.

Mtunya na Kumbukumbu za Ugogo

Wakazi wa nyanda hizi za kati wanao mfano wao wa kunyamaziwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yaliwachukulia Wagogo ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo wazee waliiita Mtunya. Watu kwa maelfu walikufa, na jamaa nyingi zikatawanyika. Katika vitabu vya shule vya mkoloni, vita hivyo vilikuwa habari za majemadari. Mtunya ulihifadhiwa na vinywa vya wazee, mpaka wanahistoria walipokaa chini kuwasikiliza.

Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri na mwenyeji wa Ugogo, alipata kuandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Mtoto wa Makole anapoingia maktaba na kukosa kitabu cha namna hiyo, hufundishwa bila kuambiwa kwamba kwao hapana historia. Hilo ndilo fundisho lile lile la mkoloni, ila safari hii limetolewa na rafu tupu.

Hoja ya Umoja

Wapo wasemao kwamba vitabu vingine huchochea chuki, na kwamba umoja wa taifa ni bora kuliko udadisi wa wasomi. Hoja hii haifai kudharauliwa. Chuki ya dini na kabila imeua watu katika nchi jirani, na serikali ina wajibu wa kuizuia. Lakini pana tofauti kubwa kati ya kitabu kinachowaita watu kuua na kitabu kinachoeleza kwamba watu waliuawa. Cha kwanza ni kazi ya mahakama. Cha pili ni kazi ya maktaba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pana pia tofauti kati ya uamuzi wa wazi na mnong'ono. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule kwa sababu za maadili. Vitabu hivyo havikuwa vya historia, na watu walibishana juu ya uamuzi huo. Lakini majina yalitajwa, sababu ikatolewa, na aliyeamua akajulikana. Amri ya mdomo ya kusema "kitoe hicho" haina hata kimoja kati ya hivyo. Mara nyingi haikutoka hata kwa mkubwa. Ilitoka katika hofu ya mdogo aliyedhani kwamba mkubwa atachukia. Hofu hiyo ndiyo mchujaji mkali kuliko wote, kwa kuwa haipumziki wala haina kikomo.

Wajibu wa Watumishi na Walimu

Kwa hiyo basi, mambo machache yanawezekana bila kungoja fedha nyingi. Kwanza, kila maktaba ya umma iwe na utaratibu ulioandikwa wa kuchagua vitabu, ili mkutubi ajilinde kwa kanuni na si kwa kubahatisha. Pili, kitabu cha historia kisiondolewe ila kwa barua yenye jina, cheo, sababu na sheria inayotumika, na barua hiyo ihifadhiwe. Mtumishi anayeombwa kuondoa kitabu kwa simu aombe maandishi. Maombi mengi yataishia hapo. Tatu, kitabu kinachobishaniwa kiwekwe karibu na kile kinachokijibu, badala ya vyote viwili kukosekana.

Walimu nao wana kazi yao. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingizwa katika mitaala mipya, limerudisha historia ya nchi mahali pake. Somo hilo litakuwa kasuku au litakuwa elimu kwa kadiri ya vitabu vitakavyotumika. Mwalimu awape wanafunzi tukio moja na vitabu viwili visivyokubaliana, kisha awaulize nani alikuwapo, nani alisimuliwa, na kila mmoja alitaka nini. Kijana aliyezoea swali hilo hatadanganywa kwa urahisi na mchochezi yeyote, awe wa nje au wa ndani.

Mji wa Dodoma, ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, sasa umekuwa makao ya serikali kwa vitendo. Ofisi za nchi nzima zimehamia, na pamoja nazo majalada yake. Yanayoandikwa Dodoma leo ndiyo vitabu vya historia vya kesho, na watumishi wanaoyaandika watahukumiwa na wasomaji ambao bado hawajazaliwa. Wasomaji hao wana haki ya kukuta rafu iliyojaa. Aliyefanya kazi yake kwa haki hana sababu ya kuogopa wakifungua vitabu hivyo na kusoma.