Msimharakishe Mfiwa

Wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mliozaliwa huku ugenini.

Septemba 2025, kule nyumbani Kongo, Ntoyo, wilayani Lubero, watu walikuwa matangani usiku. Waasi wa ADF wakawavamia hapohapo, wakaua zaidi ya 60. Waliokwenda kulia wakawa wa kuliliwa.

Kabla ya hapo, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilitunyang'anya hata nafasi ya kumwosha maiti wetu. Mangina, Beni, Katwa, Butembo: mama anazikwa na watu waliojifunika mwili mzima, watoto wake wanatazama kwa mbali. Mazishi yale yaliokoa wengi, nakubali. Lakini kilio kilibaki kifuani.

Ndiyo maana huniuma tunapomwendea mfiwa hapa na kumwambia upesi, "Jikaze, ni mapenzi ya Mungu." Panga ni mapenzi ya Mungu? Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia.

Someni 2 Samweli 21. Wana wawili wa Rizpa waliuawa mwanzoni mwa mavuno, maiti zao zikaachwa wazi. Mama yule akatandika gunia mwambani, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku, mpaka mvua ikanyesha. Hatusomi kwamba alisema neno lolote. Habari zake zilipomfikia Daudi, ndipo mifupa ikakusanywa, mazishi yakafanyika. Watu wetu wa Beni nao wameuawa mashambani, kakao ikiwa mikononi, na wako ambao hawajaokotwa hadi leo.

Padre Vincent Machozi naye aliombolezea hukuhuku ugenini. Akiwa Boston alitangaza mauaji ya Beni na Lubero wakati wakubwa wengi hawakutaka kuyasikia. Kisha akarudi nyumbani. Usiku wa Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, watu wenye silaha wakamuua huko Vitungwe-Isale, karibu na Butembo.

Kwa hiyo leo chakula kitangoja. Kila mwenye mtu wake atasimama, ataje jina la marehemu wake, kijiji na mwaka. Akishindwa kuendelea, tumsubiri. Asiwepo wa kumwanzishia wimbo ili anyamaze. Katibu ataandika yote. Nakala moja itakwenda kwa makanisa yetu ya nyumbani, ili marehemu wakaombewe kwa majina yao, na nyingine kwa wabunge wa nchi hii tunamolipa kodi.

Mama zetu, anzeni ninyi.