Kutu Chini ya Rangi



Wengi wetu twaikumbuka Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 na tena 1973. Hata leo kijana akiona moja inauzwa, rangi ikimeta, moyo humdunda, na mkono hukimbilia akiba ya nyumbani. Sisi twamwambia: ngoja kwanza. Magari hayo huliwa sana na kutu sakafuni, na muuzaji aweza kuziba mashimo kwa puti, kisha akapaka rangi juu. Funga sumaku kwa kitambaa, uipitishe taratibu. Penye chuma itanata. Penye puti nyingi haitashika. Afadhali kumwudhi muuzaji leo kuliko kuwaliza mke na watoto kesho.

Nasi je? Jumapili twang'aa kwa suti na nyimbo. Lakini Samweli alifundishwa nyumbani kwa Yese kwamba Mungu hutazama moyo. Tusipake puti juu ya chuki na uongo. Fundi mwema hukata kutu mpaka afikie chuma kizima, ndipo achomelee bati jipya.

Ee Bwana, utupime, uikate kutu yetu, ututengeneze upya. Amina.