KIKULACHO KI UVUNGUNI: KUCHAGUA KINGA YA KUTU KWA GARI LA CHAMA

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Mmezoea kunisikia nikizungumza habari za daftari la fedha, hati za malipo na mizania. Leo nimeomba ruhusa nizungumze habari za uvungu wa gari. Gari la chama ni mali ya wanachama kama zilivyo fedha zilizomo kashani, na mwizi wake mkubwa havunji kufuli wala haachi alama ya mguu. Mwizi huyo ni kutu.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2017 nilikagua chama kimoja cha wakulima wa korosho huku pwani. Vitabuni nilikuta malipo ya kupaka lami uvungu wa lori lao. Risiti ilikuwapo, muhtasari wa kikao cha bodi ulikuwapo, na saini zote zilikuwa mahali pake. Nilitoka nje, nikainama, nikaona weusi unaong'aa kutoka mbele hadi nyuma. Nikaandika kwamba gari limetunzwa vizuri.

Misimu miwili baadaye, lori likiwa na shehena ya magunia, chasi ilikatika karibu na springi za nyuma. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeumia. Lakini chama kilikodi magari msimu mzima, na fedha za kukodi zilitoka katika jasho la mkulima. Fundi alipoibandua ile lami ilitoka kama gome la mti mkavu, na chini yake chuma kilikuwa unga mwekundu. Aliyepaka alipaka juu ya tope na kutu. Nami niliyekagua, nilikagua risiti, sikukagua chuma.

Ndugu zangu, chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, tena huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Sasa tazameni kazi za magari yetu. Hupita katika upepo wa bahari. Hubeba mbolea ambayo wakulima wenyewe wameiita mbolea ya chumvichumvi. Hubeba salfa ya mikorosho. Na msimu ukiisha, baadhi ya vyama hukodisha gari kubeba samaki, maji ya chumvi yakichuruzika hadi kwenye chasi. Tope lililoganda juu yake hufanya kazi ya kitambaa kibichi: huyashika maji siku nyingi, na chuma huliwa polepole.

Kinga zinazouzwa ni nyingi, lakini kwa jumla ni za namna nne.

Ya kwanza ni lami au mpira mzito wa kupaka. Hii huzuia vizuri mawe yanayorushwa na magurudumu. Hata hivyo, yafaa kwa chuma kipya, au kilichosafishwa barabara na kupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Ikipasuka mahali padogo tu, maji huingia yakakosa pa kutokea, na kutu huendelea gizani.

Ya pili ni rangi yenye zinki nyingi. Zinki hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Lakini ni lazima iguse chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu au rangi ya zamani, fedha imepotea.

Ya tatu ni dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya fosforiki au tanini. Huifanya kutu nyembamba iliyoshikamana kuwa tabaka gumu jeusi. Haiponyi kutu inayobanduka vipande vipande, wala hairudishi unene wa chuma ulioliwa. Aidha, dawa hiyo si koti la mwisho. Yapaswa kufunikwa kwa rangi.

Ya nne ni nta na mafuta mazito, yakiwemo yale yatokanayo na sufu ya kondoo. Haya hubaki laini, hupenya kwenye maungio, na yakipulizwa kwa mrija hufika ndani ya chasi, mahali ambapo brashi haifiki. Kasoro yake ni kwamba huoshwa na maji na kusuguliwa na mchanga, hivyo yafaa kurudiwa kila mwaka.

Iko na namna ya tano, nayo haina duka: kupuliza oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini. Haigharimu kitu, ndiyo maana imeenea. Lakini oili hiyo ina asidi na masizi, huharibu mipira ya bushi, hudhuru ngozi ya fundi, na hudondoka ardhini ikachafua maji. Rahisi huvunja upishi.

Mtaniuliza, tuchague ipi? Gari likiwa jipya, lipakwe koti gumu kabla halijaanza kazi, na nta ipulizwe ndani ya chasi. Lakini magari yetu mengi ni ya zamani. Kwa hayo, ushauri wangu ni nta au mafuta mazito kila mwaka. Najua mweka hazina atasema kwamba lami hulipiwa mara moja, na mafuta yatarudi katika makisio kila mwaka. Ni kweli. Lakini kila mwaka fundi atakapoingia uvunguni kupuliza, atakiona chuma, na ufa utazibwa ungali ufa. Kinga isiyokaguliwa ni pazia.

Kwa hiyo nawaomba makatibu mfuate utaratibu huu. Kwanza, gari lioshwe uvunguni kwa maji baridi na likauke kabisa. Pili, linyanyuliwe na kusimamishwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake, na fundi aigonge chasi kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu au hutoboka. Pakiwa na tundu au ufa, kazi ya rangi isimame hadi fundi stadi atengeneze. Tatu, mjumbe mmoja wa bodi aingie uvunguni kabla ya kupaka, apige picha kwa simu yake, na picha hizo ziambatanishwe na hati ya malipo. Nne, fundi asipake breki, eksozi wala shafti, na asizibe matundu ya kutolea maji. Mwisho, gari lililobeba mbolea, salfa au samaki lioshwe siku ile ile.

Ndugu wanachama, tangu mwaka ule nguo zangu hurudi nyumbani na madoa, kwa maana siandiki tena neno juu ya gari nisilolilalia chini. Nanyi mkikuta malipo ya rangi katika taarifa ya chama chenu, msiulize risiti tu. Ulizeni nani aliingia uvunguni.