Tajiri Kwenye Kura za Maoni

Wapenda mageuzi wa Madimba wanaompima mgombea tajiri katika kura za maoni za CCM wana hoja nzito: mwenye chake hanunuliki kirahisi, ilhali mwenye madeni huanza ubunge akiwalipa waliomkopesha. Lakini Mahakama Kuu ilibatilisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikagusa hata uteuzi ndani ya vyama, kwa sababu fedha humfikia mjumbe kabla ya sera. Utajiri si kosa, wala umaskini haujawahi kuwa cheti cha uadilifu. Basi tajiri aulizwe hadharani: biashara zake ni zipi, na ushuru wa huduma wa gesi inayosafishwa hapa atausimamia vipi?